Bwana Shusha na Meza ya Kioo

Watu wakikutana na kaka yangu huanza kupaza sauti. Sijui nani aliwaambia kwamba mtu asiyeona hasikii pia, lakini ndivyo wanavyofanya: wanamsogelea, wanainama kidogo, halafu wanampigia kelele, "HABARI ZA ASUBUHI, MZEE!" utadhani yuko ng'ambo ya mto. Naye, ambaye akiwa sebuleni anasikia chumvi ikimwagika jikoni, hujibu kwa upole, "Nzuri. Shusha." Hilo ndilo neno lake. Amewaambia waimbaji, wapiga ngoma, watangazaji, mhubiri mmoja na hata mama yetu mzazi. Kazini wakampachika jina la Bwana Shusha, na wapo waliofanya naye kazi miaka kumi wasijue jina lake la kwenye kitambulisho.

Tulifanya kazi jengo moja la redio kwa miaka ishirini, yeye ghorofa ya pili kwenye studio, mimi ghorofa ya kwanza, karani wa ofisi ya mkurugenzi. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota barabarani. Mengine niliyapiga chapa kwa vidole vyangu mwenyewe, na yapo ninayoyaonea haya. Na kama umeshatoa kitambaa cha kufutia machozi, kirudishe mfukoni. Kaka yangu ni mtu wa maringo, mbishi, ana ulimi mkali, na sifa akipewa anazipokea kama mtu anayedai chenji yake.

Alizaliwa haoni. Mama alihangaika naye kwa madaktari mpaka mmoja akamwambia wazi kwamba pesa ya dawa amnunulie mtoto kitu cha kuchezea. Akamnunulia kinanda kidogo cha betri, na kwa mwaka mzima nyumba nzima ilimlaani yule daktari. Mimi nilizaliwa miaka minne baadaye, nikakuta kazi yangu duniani imeshapangwa: "Mshike kaka yako mkono." Nikamshika. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyenishika mimi, maana nilikuwa mtoto wa kuduwaa njiani, na yeye alizijua kona zote za mtaa kwa jinsi viatu vyake vilivyolia kwenye kuta. Mara mbili nilimtumbukiza mtaroni. Yeye hakunitumbukiza hata siku moja. Majirani wakitupita walisema, "Maskini, ona dada yake anavyomsaidia," nami nilizikubali sifa hizo miaka mingi bila aibu yoyote.

Kwenye shule ya bweni ya wasioona alijifunza kusoma kwa vidole na kupiga kinanda cha kweli. Alipomaliza akachukuliwa na bendi ya hoteli. Alikuwa mpiga kinanda mzuri, wala sisemi hivyo kwa udada. Lakini wenye bendi hawakuwa na haja sana na uzuri wake. Kwenye bango la getini waliandika MPIGA KINANDA KIPOFU kwa herufi kubwa kuliko jina la bendi yenyewe. Watu wakaja. Kuna mama mmoja alikuwa anakuja kila Jumamosi, anakaa meza ya mbele, anaagiza soda, halafu analia. Alilia hata kwenye zile nyimbo ambazo wenzake walikuwa wamevua viatu wanacheza.

"Yule mama anaumwa?" kaka aliniuliza siku moja.

"Anakuonea huruma."

"Basi mwambie alie baada ya kiitikio. Ananiharibia."

Fundi mitambo wa bendi ile alikuwa mtu wa kutafuna karanga na kuzungusha kila kitufe mpaka mwisho, kwa imani kwamba kama kingekuwa na madhara kiwandani wasingekiweka. Spika zilinguruma. Jumamosi moja zilinguruma kuliko kawaida, na kaka, katikati ya wimbo, akaondoa mikono kwenye kinanda, akateremka jukwaani, akapita katikati ya meza akifuata ile ngurumo mpaka kwenye miksa. Miksa, kwa wasioijua, ni ile meza yenye vitufe ambapo sauti zote hukutana, ya mwimbaji, ya gitaa, ya ngoma, na fundi huamua ipi ipande na ipi ishuke.

"Toa mkono," kaka akamwambia.

"We huoni, utajuaje?"

"Wewe unaona, mbona hujui?"

Watu walivunjika mbavu. Fundi alisimama na karanga zake mdomoni. Kaka akapapasa kitufe kimoja kimoja, akiuliza hiki cha nini, na hiki, na kabla ya wimbo wa tatu kwisha ngurumo ilikatika na kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi ule maneno ya mwimbaji yakasikika. Bahati mbaya yalikuwa maneno ya ovyo, lakini hilo si kosa la fundi. Tangu siku hiyo bendi ikapoteza mpiga kinanda ikapata fundi mitambo, na yule mama wa soda akahamia hoteli nyingine.

Redioni aliitwa kwenye usaili baada ya fundi mkuu wa zamani kusikia kanda za bendi alizorekodi. Wasaili walikuwa wanne, wanaume watupu, na mmoja wao alimwuliza swali ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu: ukiwa studioni peke yako, umeme upo ila taa ya chumba ikaungua, utafanyaje?

"Kuna mtu atanipigia kunijulisha," kaka akauliza, "au ndiyo sitajua?"

Akawaambia pia kwamba feni yao ina skrubu iliyolegea, na kwamba yule bwana wa nne wasimwamshe, anakoroma kwa mpangilio mzuri. Fundi mkuu wa zamani alishikilia kuwa bila huyu yeye hastaafu. Wakampa kazi. Nami miaka mitatu baadaye nikapata ukarani mlemle, na wapo waliosema nimeletwa ili nimshike mkono.

Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye meza ile. Ilikuwa miksa kubwa ya chuma, nzito kama kitanda cha hospitali, yenye vitufe vya kuzungusha zaidi ya mia na vingine ishirini na vinne vya kusukuma mbele na nyuma. Alivijua kama unavyojua meno yako kwa ulimi. Mkono wa kushoto ukishughulika na mwimbaji, wa kulia ulikuwa umeshafika kwenye besi, na uso wake umegeukia ukutani kama mtu anayewaza mambo mengine. Waimbaji walimwogopa. Alimwambia bibi mmoja mwenye jina kubwa kwamba jino lake la juu kushoto linapiga filimbi kwenye kila "s", aende akalizibe ndipo arudi. Bibi yule aliondoka kwa hasira, akatutukana mimi na mlinzi, na wiki mbili baadaye akarudi, jino limezibwa. Ule muziki mfupi unaotangulia taarifa ya habari aliupiga yeye, siku moja ya mvua ambayo mwanamuziki aliyealikwa hakutokea. Nchi nzima inaujua. Alilipwa kwa kushikwa mkono.

Halafu akaja mkurugenzi mpya. Huyu alikuwa mtu wa makongamano. Alikwenda kongamanoni na begi moja, akarudi na mabegi mawili na neno moja, usasa, na kuanzia hapo sikuandika barua isiyo na neno hilo. Mlangoni kwake tukabandika usasa, kwenye kalenda usasa, hata tangazo la kutotupa takataka chooni lilianza na "Katika kuelekea usasa". Alimleta na mpwa wake, kijana wa miaka ishirini na sita aliyesomea mitambo kwa kutazama video, mtu asiye na ubaya wowote ila hakujua kitu.

Siku moja mkurugenzi akaniita niandike hotuba. Angemfanyia kaka yangu sherehe kwa utumishi wake mrefu, na angeizawadia studio nzima chombo kipya "kitakachomrahisishia mzee wetu kazi". Niliandika maneno hayo mimi. Nilifurahi nayo. Nilijaza na fomu ya kuagizia, na kwenye fomu kulikuwa na picha ya chombo chenyewe, kinang'aa, cheusi, bapa kama ziwa lisilo na upepo, na mimi, dada yake, niliyekula naye sahani moja tangu nikiwa na meno mawili, niliitazama picha ile nikasema, "Kizuri!" nikagonga muhuri.

Siku ya sherehe tulikata utepe. Matangazo yalikuwa ya moja kwa moja. Mkurugenzi alimshika kaka kiwiko akamwongoza kuingia kwenye chumba ambacho kaka alikuwa ameingia mwenyewe kila siku kwa miaka ishirini na miwili, na akambamiza kwenye fremu ya mlango. Meza ya chuma haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kioo. Kaka akaweka viganja viwili juu yake, akavipeleka kushoto, akavirudisha kulia. Nilimwona uso wake, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokigongea muhuri.

"Vitufe viko wapi?" akauliza.

"Hakuna vitufe, mzee!" mpwa akajibu kwa furaha. "Ni kioo kitupu! Unaona picha ya kitufe, unaigusa tu!"

"Picha," kaka akasema.

Mkurugenzi akaanza hotuba yangu. Alihutubia dakika nne nzima, mkono kifuani, jasho linamtoka. Kumbe viganja vya kaka, katika kutafuta vitufe, vilikuwa vimefunga maikrofoni zote. Nje hakikutoka kitu. Redio ya taifa ilikaa kimya dakika nne, na wasikilizaji wengine wakadhani kuna msiba mkubwa, wakaanza kupigiana simu kuulizana nani amefariki.

Akapewa mwezi mmoja wa kukizoea kile kioo. Asipokizoea, angehamishwa. Jambo lenyewe lilikuwa hilo na sote tulilijua: ama mikono ya kaka inapata mahali pa kushika, ama kazi yake imekwisha akiwa na miaka hamsini na mmoja na masikio mazima.

Mimi ndiye niliyetoa wazo la rangi ya kucha. Rangi ya kucha ikikauka inavimba kidogo, kidole kinaihisi. Wakati wa chakula cha mchana nilipanda studioni na kichupa changu chekundu, mpwa akinionyesha picha za vitufe zilipo, nami nadondosha tone juu ya kila moja. Matone arobaini na nane. Kaka akapitisha vidole, akatabasamu, na kwa nusu saa akafanya kazi kama zamani. Nilijiona mhandisi.

Kumbe kioo kina kurasa. Ukigusa pembeni, picha zote hubadilika: palipokuwa na kinanda panakuwa na simu za wasikilizaji, palipokuwa na sauti ya mtangazaji panakuwa na swichi ya kuzimia. Tone langu linabaki palepale, linaapa kwamba ni lilelile. Siku ya majaribio mkurugenzi alikaa nyuma na daftari. Kaka aliposhika tone la kumpandisha mgeni akaizima taarifa ya habari, aliposhika la kuirudisha habari akaweka wimbo wa watoto juu ya tangazo la kifo. Mkurugenzi akafunga daftari akasema amempa kila nafasi. Mimi nikaambiwa nikwangue rangi yangu kwenye mali ya ofisi.

Barua ikasema "kwa kuzingatia afya yako". Afya yake ilikuwa nzuri kuliko ya mkurugenzi, ambaye hapandi ngazi bila kupumzika katikati. Anahamishiwa mapokezi, kupokea simu. Niliipiga chapa. Ningeweza kukataa, lakini nilikuwa na watoto wawili shuleni na nikafyata. Kisha nikampelekea mwenyewe na kumsomea, maana nani mwingine angemsomea?

"Umeandika vizuri," akasema nilipomaliza. "Mpe mkono wa pongezi bosi wako."

Nikaenda chooni kulia, chini ya tangazo langu la usasa.

Sasa fikiria akili ya ofisi yetu. Mtu mwenye masikio bora kuliko wote jengo zima walimkalisha kwenye simu inayopokea malalamiko ya wasikilizaji. Na malalamiko yalikuwepo, maana ghorofa ya pili mpwa alikuwa anafanya kazi kwa kutazama. Kioo kina taa ndogo zinazopanda na kushuka. Zikiwa za kijani yeye alitulia, hata kama mtangazaji anasikika kama yumo ndani ya pipa.

"Hiyo redio yenu leo ina nini?" mama mmoja alipiga akifoka. "Huyo mtu anaongea au anagugumia?"

"Umesikia sawasawa kabisa, mama," kaka akamjibu. "Amekaa mbali na maiki, halafu wamemjaza besi. Subiri kidogo usikate."

Akanyanyua simu ya ndani, akabonyeza namba ya studio.

"Nani?" mpwa akauliza.

"Mapokezi. Msogeze mtangazaji mbele shubiri moja. Punguza besi. Zaidi. Zaidi, bwana, unaogopa nini? Hapo. Na huyo mgeni hana la kusema, anahema tu, mfunge." Kisha akarudi kwa yule mama. "Sasa je?"

"Eh! Afadhali. Asante, baba."

Ikawa ndiyo kazi. Kaka aliendesha studio akiwa mapokezi, redio ndogo pembeni yake, simu mbili mkononi, na wageni wanaotaka kujua ofisi ya uhasibu iko wapi wakisimama kwenye foleni wakishangaa. Mpwa alitii kila neno, tena akaanza kusema "asante, Fundi" kabla ya kukata. Mwisho wa robo ya mwaka mkurugenzi akaniamuru niandike barua ya kumpongeza mpwa kwa ubora wa sauti uliotokana na usasa. Nayo niliiandika. Kufikia hapo nilikuwa nimeshaanza kujichukia vya kutosha, barua moja zaidi haikunizidishia kitu.

Yakaja maadhimisho ya miaka arobaini ya redio. Kwaya ya watu thelathini na sita, wapiga ala saba, ukumbi umejaa wakubwa, matangazo ya moja kwa moja saa tisa alasiri. Saa tisa kasoro robo kioo kikaganda. Picha zote zilikuwepo, taa zote za kijani, zimesimama palepale, na ukigusa hakuna kinachosogea. Spika zikatoa mlio mmoja mwembamba usiokwisha. Mpwa akazima, akawasha, kioo kikamwandikia asubiri. Akapiga mapokezi.

"Mapokezi hapa," kaka akasema. "Ungependa kuongea na nani?"

"Fundi, ni mimi! Limeganda!"

"Idara ya mitambo iko ghorofa ya pili, kijana." Akakata.

Nilikuwa nimesimama hapo nikaziba mdomo. Haukupita muda mkurugenzi akateremka mwenyewe, tai imehamia begani.

"MZEE WETU!" akafoka. "NAKUOMBA!"

"Shusha. Nakusikia."

"Panda juu utuokoe. Wakubwa wamekaa."

"Nataka meza yangu."

"Kiti chako utakipata, kesho asubuhi, nakuapia mbele ya dada yako."

"Sikusema kiti."

"Tutaongea, mzee wangu, tutaongea! Panda!"

Kaka akapanda. Sijawahi kumwona akipanda ngazi haraka vile, na najua hakupanda kwa ajili ya mkurugenzi. Kulikuwa na watu thelathini na sita waliokuwa tayari kuimba, na hilo asingeweza kuliacha. Hakuingia studioni. Alikwenda ukumbini, akaagiza maikrofoni moja tu, waya mmoja unaokwenda moja kwa moja chumba cha kurushia matangazo, na mpwa akae huko na redio ya mkononi, asikilize kinachotoka hewani. Kisha akapiga kofi moja katikati ya ukumbi, akasikiliza kofi linavyorudi kutoka kwenye kuta, akahamisha maikrofoni hatua mbili na nusu. Ndipo akaanza kuwapanga watu. Ndivyo walivyofanya mafundi wa zamani kabla ya miksa kuwepo: hupandishi kitufe, unamsogeza mtu.

"Imbeni mstari mmoja. Nyamazeni. Wewe wa sauti nene, hatua tatu nyuma. Huyo mwembamba wa kulia, njoo mbele, usiogope. Tarumbeta, geukia pazia. Geukia kabisa, sitaki kuuona uso wako." Alikuwa anawashika mabega na kuwasukuma, mkono mmoja hewani. "Ngoma, nenda kona ile. Na kuna bwana mmoja anaimba chini kwa chini huko mlangoni, anavuta wenzake. Atoke nje."

Alikuwa mkurugenzi. Alitoka.

Saa tisa kamili wakaimba. Sijui muziki, lakini nilikuwa nimeshateremka kushika simu, redio ya mapokezi sikioni, na nilisikia watu thelathini na sita mmoja mmoja na wote pamoja, nikasikia hata pumzi yao kabla ya kiitikio. Simu ikaanza kulia. Niliipokea mimi. Wote walikuwa wanauliza ni chombo gani hicho tunachotumia siku hizi.

Kwenye hotuba ya kufunga, mkurugenzi aliwashukuru wafadhili wa mtambo wa kisasa.

Lakini kiti alikitoa, sikatai. Barua ya kumrudisha kaka niliipiga kwa dakika mbili. Asubuhi akapanda studioni, akakaa kwenye kiti chake, na mpwa akakaa kwenye kigoda pembeni, mbele ya kioo kilichokwisha kuganduka. Kaka anasema, mpwa anagusa. Sauti ikatoka safi wiki nzima, malalamiko hakuna. Mkurugenzi akaleta wageni kuonyesha mtambo. "Na huyu ni mzee wetu," akawaambia, "tunamsaidia sana."

Ijumaa nilipanda kumpelekea chai. Nilisimama mlangoni. Bendi ilikuwa inarekodi upande wa pili, muziki mtamu, mpwa ameinamia kioo. Kaka amekaa wima, "panda, panda, basi, tulia," na mikono yake yote miwili imelala magotini. Imelala tu, kama mikono ya mgeni aliyeambiwa asubiri. Kidole kimoja kilikuwa kinasogea kidogo juu ya suruali, mbele na nyuma, kikisukuma kitu ambacho hakipo.

"Imekuwaje, kaka? Umeshinda, mbona huna raha?"

"Sauti ni nzuri," akasema. "Kijana anatii. Ila ni kama kulishwa, mdogo wangu. Chakula kitamu, kijiko cha mwenzio."

Hasira niliyoizuia mwaka mzima ilinipanda kichwani. Nikateremka, nikaingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi, nikamwuliza meza ya chuma iko wapi.

"Ile chuma?" akasema. "Si iliuzwa mnadani pamoja na viti vibovu? Wewe mwenyewe ndiye uliyepiga orodha."

Ni kweli. Niliipiga. Kipengele cha tisa, "chuma chakavu, kipande kimoja". Sikuuliza ni chuma gani. Nikalitafuta faili, nikamkuta mnunuzi: mtu wa kukodisha spika za harusi, mtaa wa nyuma ya stendi. Nikapanda kumwambia kaka, na nilimwambia yote, kuanzia fomu ya kuagizia kioo mpaka kipengele cha tisa, nikisubiri anitukane.

"Ulipiga na makosa au bila makosa?"

"Bila."

"Ndiyo tabu yako," akasema, akanyoosha mkono nimpe chai.

Jumatatu mkurugenzi alikuta juu ya meza yake karatasi nene, nyeupe, haina hata alama ya wino. Aliigeuza. Akaipeleka dirishani, akaitazama kwa mwangaza, akavaa miwani, akavua. Vinundu vidogo vilikuwa vimepangwa mistari kumi na miwili, kwa unadhifu kabisa.

"Hii nini?" akaniuliza. "Kuna mtu ameacha karatasi tupu hapa."

"Ni barua ya kuacha kazi, Bwana Mkurugenzi."

"Imeandikwa nini?"

Nilimwambia sijui kuisoma. Niliyajua yaliyomo, aliniambia mwenyewe usiku wa jana yake, na ulimi wangu ulikuwa unawasha kumtajia mstari wa saba. Nilimwacha aendelee kuigeuza.

Yule mtu wa spika za harusi tulimkuta uani, anafunga waya kwa plasta. Meza ya chuma ilikuwa chini ya turubai, juu yake masufuria mawili. Kaka akamwambia amekuja kutafuta kazi. Mtu yule alimtazama, akanitazama mimi, akavuta pumzi ili apaze sauti, nikamwashiria asithubutu. Akaondoa masufuria.

Kaka akaweka mikono. Akaenda taratibu kutoka kushoto, safu kwa safu, hakuruka hata kitufe. Vinne vilikuwa vimeng'oka. Kimoja kilikuwa kimekwama.

"Mmemwaga nini hapa?"

"Soda. Bwana harusi alikuwa na furaha."

"Na hivi viwili ndivyo mnavyotumia peke yake? Vingine vyote vina vumbi."

"Vingine?" mtu yule akasema. "Mimi nilijua ni vya urembo."

Kaka alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akicheka. Kisha akaomba bisibisi, kitambaa na spiriti, akakunja mikono ya shati akaanza kufungua kile kilichokwama. Jumamosi walikuwa na harusi ya watu mia tatu na hakuna kitu kilichokuwa tayari. Aliniambia niwahi, nitachelewa. Nikarudi kazini peke yangu, simu ya mapokezi ikiwa inalia na hakuna wa kuipokea.